Bomba limezeeka, fundi kastaafu: valvu iko wapi?

Najua wengine wenu hapo mlipo kafe dakika zinahesabika, kwa hiyo naanza na kisa chenyewe, uchambuzi unafuata.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nyumbani, mji mmoja wa mkoani. Mji siutaji na ofisi siitaji, maana nikiutaja mtaanza kumsakama meneja wa watu wakati tatizo liko kila mahali. Asubuhi tukaamka barabara imegeuka mto. Bomba kubwa limepasuka, maji yanaruka mpaka juu ya bati la kibanda cha chipsi. Watoto wanaoga, kina mama wanakinga ndoo, madereva wa bodaboda wanaosha pikipiki bure. Sherehe kabisa.

Baada ya kama saa mbili vijana wa maji wakafika na gari. Watatu, ovaroli safi, spana wanazo, bomba jipya wanalo. Kazi ya namna ile huwezi kuanza mpaka ufunge valvu, ukate maji kwanza. Sasa valvu iko wapi? Wakachimba kulia, hakuna. Wakachimba kushoto, mawe matupu. Mpaka saa kumi jioni wameshachimba mashimo manne, maji yanaendelea kumwagika, na watu wa mtaa wa juu wameshaanza kulalamika kwamba kwao hakutoki hata tone.

Ndipo muuza chipsi akasema, "Si mkamwite mzee."

Mzee akaja na baiskeli yake, taratibu. Alikuwa fundi bomba wa mji ule zaidi ya miaka thelathini, na sasa amestaafu. Vijana wakamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, basi. Hakuuliza kitu. Akaenda kwenye kona ya ukuta wa msikiti, akahesabu hatua, akasimama mbele ya meza ya muuza nyanya. "Ondoeni meza hii, chimbeni hapa." Futi mbili tu, kifuniko cha chuma hicho. Dakika kumi baadaye maji yamekatika.

Kijana mmoja akamuuliza, "Mzee umejuaje?"

"Niliifukia mwenyewe, mwanangu. Barabara ilipoinuliwa tulitakiwa tuinue na chemba. Pesa ya saruji haikuja."

Watu walicheka. Mi sikucheka. Nilijiuliza jambo moja ambalo halijanitoka mpaka leo: je, mzee huyu angekuwa amekwenda mbele za haki?

Tunachozungumzia hapa

Kwenye magazeti na kwenye blogu tunajadili maji kila siku, lakini mjadala wetu una wimbo mmoja: maji hayatoshi, serikali ijenge mradi. Hoja yangu leo ni nyingine. Nasema miji yetu ina tatizo la watu. Yaani watu wanaojua mtandao wa mabomba ulivyolala chini ya ardhi, wanaojua kuusikiliza, kuupima na kuurekebisha. Wanaoujua wanastaafu. Wanaotakiwa kuwarithi wako mtaani na vyeti vyao. Na baina ya makundi haya mawili hakuna daraja.

Tuchukue Dar es Salaam, kwa sababu historia yake iko wazi. Mtambo wa Mtoni, unaotumia maji ya mto Kizinga, ni wa enzi za Mwingereza. Ruvu Juu ulianza 1959, kabla hata ya Uhuru. Ruvu Chini ulikuja 1976. Maji ya Ruvu Juu yanapitia Kibamba na Kimara, ya Ruvu Chini yanafikia matanki ya Chuo Kikuu, halafu yanasambaa mitaani. Mji ule wa 1976 haukuwa na hata robo ya watu wa leo. Kila mtaa mpya ulipoota, watu waliunga bomba dogo kwenye bomba la jirani, na jirani naye alikuwa ameunga kwa jirani yake. Pita uswahilini uangalie mitaroni: vimabomba kumi kumi vimelala pamoja kama tambi, na kila kiungo kinadondosha.

Bomba nalo linazeeka kama binadamu. La chuma linaliwa na kutu, ndani linajaa magamba mpaka njia inabaki nyembamba. La saruji ya asbesto linalainika taratibu na siku moja linapasuka bila kuaga. La plastiki halioti kutu, lakini likilazwa juu ya mawe bila mchanga, au likipitiwa na malori, linachanika. Tena mgao wenyewe unaliua bomba. Maji yakifunguliwa ghafla yanasukuma hewa iliyokuwa ndani, bomba linapigwa kama nyundo. Yakifungwa, bomba linabaki tupu, na kama kuna tundu linavuta maji machafu ya mtaroni kuyaingiza ndani. Kwa hiyo ukiona maji ya siku ya kwanza ya mgao yana rangi ya chai, usimlaumu mtu wa mtambo. Huenda kule mtamboni yametoka meupe kabisa.

Maji yanapotelea wapi?

Wataalamu wanapopiga hesabu ya upotevu wa maji wanagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni maji yanayomwagika kweli: bomba limepasuka, kiungo kinavuja, tanki linafurika usiku. Fungu la pili ni maji yanayofika kwa mtu lakini hayaingii kwenye hesabu: dira imezeeka inasoma pungufu, msoma dira amekaa kwenye kivuli akabuni namba, au mtu amejiunganishia kinyemela. Yote yanaitwa upotevu, ila dawa zake ni tofauti kabisa.

EWURA, ambao ndio wadhibiti, wanataka upotevu usizidi asilimia 20. Ripoti zao za miaka ya karibuni zinaonyesha wastani wa mamlaka zetu za maji ni zaidi ya asilimia 30. Dar miaka ya mwanzo ya 2000 hali ilikuwa mbaya zaidi, zaidi ya nusu ya maji yaliyozalishwa hayakulipiwa.

Hebu tufanye hesabu ya darasa la saba. Bomba linavuja lita moja kwa sekunde, mvujo wa kawaida tu. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo hizo ni lita 86,400 kwa siku. Tuseme familia inatumia lita 250 kwa siku. Mvujo huo mmoja umekunywa maji ya familia 345. Na mvujo wa hatari wala si ule unaoruka hewani, maana ule watu wanaupigia simu siku ileile. Hatari ni ule wa chini kwa chini, unaoingia kwenye mchanga au kwenye mtaro, ambao unaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kujua.

Tuliligombania shirika, bomba tukalisahau

Wadau wa umri wangu mnakumbuka City Water. Mwaka 2003, kwa shinikizo la masharti ya Benki ya Dunia, uendeshaji wa maji ya Dar ulikodishwa kwa kampuni hiyo kwa mkataba wa miaka 10. Nyuma yake walikuwepo Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mshirika wa hapahapa. Haikufika hata miaka miwili. Mwaka 2005 serikali ikavunja mkataba, DAWASCO ikaanzishwa. Kesi ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na 2008 jopo likasema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji lakini haidaiwi fidia. Mwaka 2018 DAWASCO ikaunganishwa na DAWASA.

Tulibishana sana. Ubinafsishaji au umma? Mzungu au mzalendo? Ni mjadala halali, mi mwenyewe niliushiriki. Lakini angalia: jina la juu ya ofisi limebadilika mara tatu, na bomba chini ya ardhi ni lilelile. Bomba halijui mwenye hisa ni nani. Linamjua anayekuja kulikagua.

Halafu tukajenga. Sikatai, kazi imefanyika. Ruvu Chini umepanuliwa kutoka lita milioni 180 mpaka milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu kutoka milioni 82 mpaka 196. Bila hayo Dar ingekuwa kilio. Sasa fikiria: ukiongeza maji na msukumo kwenye mtandao uliochoka, tundu lililokuwa linadondosha linaanza kuruka. Ndiyo maana kila upanuzi wa mtambo unatakiwa uende na jeshi la mafundi mtaani. Mtambo unazinduliwa, utepe unakatwa, picha inapigwa. Nionyesheni picha ya kiongozi anayezindua kikosi cha kuziba mivujo.

Tena mwaka 2022, mwezi wa kumi, mto Ruvu ulipopungua na Dar ikawekwa kwenye mgao, sote tulitazama mbinguni. Mvua ilikuwa sababu kweli. Lakini hata katika siku zile za kiu, sehemu ya maji machache yaliyopatikana iliendelea kupotelea njiani.

Kazi zenyewe ni zipi?

Sasa nije kwako wewe kijana uliyekaa hapo unatafuta nafasi za kazi kwenye mtandao. Ukisikia kazi ya maji unamfikiria mtu wa koleo. Koleo lipo, sikudanganyi. Lakini mtandao uliozeeka unahitaji fani nyingi kuliko mtandao mpya.

Yupo fundi bomba, anayeweza kusoma VETA. Yupo fundi sanifu, anayetoka Chuo cha Maji pale Ubungo, chuo kilichoanza 1974 wakati nchi ilipokuwa na ndoto ya kila kijiji kupata maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Ndoto haikutimia, ila chuo kipo. Yupo mhandisi, ambaye akimaliza shahada anatakiwa asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, apitie mafunzo ya vitendo chini ya mhandisi mzoefu, kawaida miaka mitatu. Yupo mtu wa maabara anayepima klorini kwenye bomba la mwisho kabisa la mtaa. Yupo mtu wa ramani za kompyuta anayetembea na kifaa cha satelaiti akiweka kila valvu na kila dira kwenye ramani. Yupo mtu wa hesabu anayeangalia nyumba iliyokuwa inatumia uniti 20 imeshukaje ghafla mpaka 2.

Na yupo mmoja ninayempenda kuliko wote: msikilizaji. Huyu kazi yake ni usiku. Saa nane mpaka saa kumi alfajiri watu wamelala, mabomba yana msukumo mkubwa, matumizi ni madogo. Mtaa ukiwa umetengwa, una njia moja ya maji kuingia na dira kubwa mlangoni, basi maji yanayoingia saa hiyo mengi ni ya mvujo. Anasoma dira hiyo, anajua mtaa upi mgonjwa. Kisha anatembea na fimbo ya chuma, ncha moja kwenye valvu, nyingine sikioni. Bomba linalovuja linazomea. Siku hizi kuna vifaa vya umeme vinavyopima sauti ile kutoka sehemu mbili na kukokotoa tundu liko umbali gani. Lakini sikio la mtu aliyezoea ndilo linalotofautisha mvujo na friji ya duka la jirani.

Hiyo ni kazi ya akili, wadau. Na hujifunzi kwa notsi. Unajifunza kwa kutembea na mtu anayeijua.

Hapo ndipo penye tatizo

Umri wa kustaafu kwa lazima serikalini ni miaka 60. Kila fundi anayefika hapo anaondoka na ramani kichwani. Anapewa barua, anapigwa picha, anaondoka. Nafasi yake inasubiri kibali cha ajira. Kibali kikija, tangazo linatoka, vijana wanajazana kuomba nafasi chache, usaili unafanyika. Anayepata anaripoti baada ya miezi mingi, au miaka, anakuta kiti kimeshapoa. Mzee ameshaondoka. Hawajawahi hata kusalimiana.

Katikati hapo ofisi inatumia vibarua. Kibarua analipwa kwa siku. Anajifunza mtaa, akishaujua mkataba umekwisha. Sasa jiulize, kijana anayejua bomba linapita wapi, ana spana, ana njaa na hana kazi, atafanya nini? Atakuwa kishoka. Atakuunganishia maji usiku kwa bei ya maelewano. Simtetei, ule ni wizi, na kiungo chake kibovu kinavujisha maji ya mtaa mzima. Lakini tusijifanye hatujui ametoka wapi. Tumemfundisha kazi, kisha tukamfungia mlango wa mbele.

Nitaambiwa: fedha hakuna. Haya, turudi kwenye mvujo wetu wa lita moja kwa sekunde. Ni kama uniti 86 kwa siku. Tuseme uniti inauzwa shilingi 1,500. Hapo unamwaga takriban shilingi 129,600 kwa siku, karibu milioni 3.9 kwa mwezi, kwa tundu moja. Tusidanganyane, si maji yote utakayookoa yatauzwa na kulipwa, na vifaa vina gharama. Lakini hata ukikata hesabu hiyo nusu, bado kuna fungu la kulipa mafundi. Wanaozuia mivujo wanaweza kujilipa wenyewe kutokana na maji wanayookoa.

Kuna waliofanya hivyo

Wengine mtasema haya ni ya Ulaya. Basi twende Kambodia, nchi iliyopitia mauaji ya Khmer Rouge kuanzia 1975 mpaka 1979. Katika mji mkuu, Phnom Penh, hata mtandao wa maji ulipoteza watu wake na kumbukumbu zake. Lile ninaloliogopa kwa mzee wangu wa baiskeli, wao lilishawatokea, tena kwa mtutu wa bunduki.

Mwaka 1993 mamlaka ya maji ya mji huo ilikuwa inapoteza asilimia 72 ya maji yake. Mkurugenzi mpya alikuwa Ek Sonn Chan. Alipata misaada, Wajapani na wengine, hilo si siri. Lakini fedha aliziambatanisha na watu. Vijana walifundishwa na kupandishwa vyeo. Mtandao uligawanywa vipande vinavyopimika. Vikosi vya mivujo vilikuwa zamu usiku na mchana. Waliofanya vizuri walipata marupurupu, walioshirikiana na wezi wa maji waliadhibiwa, na mwananchi aliyefichua bomba la wizi alizawadiwa. Wakubwa, wakiwemo wa serikali, walitakiwa walipe bili kama mtu mwingine.

Miaka 15 hivi baadaye upotevu ulikuwa umeshuka mpaka karibu asilimia 6, na maji yanatoka saa 24. Mkurugenzi yule alipata tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2006. Sisemi tunakili kila kitu, siasa zao si zetu. Nasema tu kwamba umaskini peke yake si kisingizio.

Ninachopendekeza

Kwanza, fundi akibakiza miaka miwili kustaafu, apewe vijana wawili watembee naye. Kila valvu anayoionyesha iingie kwenye ramani siku hiyohiyo. Na aliyekwisha kustaafu aitwe kwa mkataba mfupi, alipwe heshima yake. Siyo kumtumia bodaboda siku bomba likipasuka.

Pili, kila mamlaka itenge ajira za kudumu za vikosi vya mivujo, na sehemu ya mapato ya maji yaliyookolewa irudi kwenye vikosi hivyo.

Tatu, wenyewe wananchi tubadilishe maswali. Mbunge akija, tusimuulize tu mradi mpya lini. Tumuulize: upotevu wa maji hapa kwetu ni asilimia ngapi, na mwaka jana ulikuwa ngapi? Namba hiyo ipo kwenye ripoti.

Namalizia na mzee. Nilimfuata kwake jioni ile. Akanitolea daftari la shule, jalada limechakaa, ndani kaandika valvu zote alizowahi kugusa. "Hatua 14 kutoka mwembe wa shule, upande wa kisima." "Mbele ya duka la Mhindi, mlango wa pili." Nikamuuliza, mwembe bado upo? Akacheka: ulikatwa zamani. Na duka? Sasa ni gesti ya ghorofa mbili.

Nikamuuliza kwa nini hakulipeleka ofisini. Akasema alilipeleka wiki aliyostaafu. Aliambiwa aandike barua.

Nilipiga picha kurasa zote kwa simu yangu, 63. Mpaka leo ninazo, na sijui nimpe nani. Vijana wale watatu wa ovaroli nilipokutana nao tena walinipa namba zao, wakaziomba niwatumie. Nimewatumia. Mmoja wao mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi unaofuata.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenu mtaani nani anajua valvu iko wapi? Na wewe uliyesoma fani ya maji ukakaa bila kazi, tuambie ulivyozunguka. Matusi sitayaweka.